Uliachishwa, Mjukuu Wangu, Hukuachisha

Shikamoo Bibi. Nilikuwa mtunza stoo kwa miaka 6. Mwaka 2023 kampuni ilifunga ghala letu moja, tukapunguzwa watu 12 siku moja. Juzi niliitwa kwenye usaili wa kazi nyingine. Kwenye wasifu wangu nilikuwa nimeandika hivi: "In 2023 I layed off together with eleven staff." Msaili mmoja akanitazama akauliza, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyewaondoa hawa 11?" Nikacheka, nikadhani ni utani. Haukuwa utani, na kazi sikupata. Nimekosea wapi? Na je, ni "lay off", "layoff" au "lay-off"? Kila ninapotazama nakuta imeandikwa vingine. — Mtunza stoo wa zamani

Marahaba, mjukuu wangu. Pole kwa kibarua kuota nyasi, na pole tena kwa kusomwa kama hati ya mashtaka. Ila msaili huyo tusimlaumu sana. Sentensi yako inasema alichokielewa yeye, au karibu kabisa na hicho.

Kiswahili kimetudekeza. Tuna "w" moja ndogo, inachomekwa karibu na mwisho wa kitenzi na mambo yote yanapinduka: achisha na achishwa, fukuza na fukuzwa, punguza na punguzwa. Anayepiga kalamu na anayepigwa kalamu wametenganishwa na herufi moja tu. Kiingereza hakina "w" hiyo. Kazi yake hufanywa na neno zima linalosimama mbele, "was" au "were" kwa mambo yaliyopita, na ukilisahau hilo hakuna kitakachokuokoa. "I laid off" ni niliachisha. "I was laid off" ni niliachishwa. Basi kabla hujaandika sentensi ya namna hii, iseme kwanza kimoyomoyo kwa Kiswahili. Ukiisikia "w", itafute "was" yako ilipo. Kama haipo, umejipandisha cheo ukawa mkurugenzi.

Halafu hiyo "layed". Haiko. "Lay" huenda "laid", kama "pay" inavyokwenda "paid" na "say" inavyokwenda "said". Najua kinachowatelezesha watu: "play" ni "played", "stay" ni "stayed", basi mtu anaihesabu "lay" kuwa mtoto wa nyumba hiyo. Tena ana jirani msumbufu, "lie" ya kulala au kujinyoosha, ambaye wakati wake uliopita ni "lay". Ndiyo, "lay" ileile. Na "lie" ya kusema uongo huwa "lied". Hata waliozaliwa na lugha hiyo wanayachanganya haya, kwa hiyo usijione mjinga. Wewe shika umbo moja: "laid", kisha "off" yenye "f" mbili. "Laid of" yenye "f" moja nimeisahihisha mara nyingi hadi nimeanza kuiota usiku.

Sasa ile nafasi katikati. Linapokuwa tendo ni maneno mawili; linapokuwa jina la tukio ni neno moja. "The company will lay off 12 workers": kampuni inatenda, nafasi ipo. "The layoff affected 12 workers": tunataja tukio, nafasi haipo. Ukibabaika, jaribu kulirudisha jana. "The company laid off 12 workers" inakubali, basi hicho ni kitenzi. "The laid off affected 12 workers" inakataa, basi hilo ni jina. Sikio nalo linasaidia: kwenye tendo sauti hupanda kwenye "off", kwenye jina hupanda kwenye "lay". Unalijua jambo hili tayari, hujalitilia maanani tu. Kwenye simu yako unafanya "log in" kwa kutumia "login".

Kistariko ni suala la kambi. Wamarekani huandika jina hilo "layoff", Waingereza wengi huandika "lay-off". Zote ni sahihi. Chagua moja, usihame katikati ya ukurasa. Kwenye tendo kistariko hakiingii kabisa, iwe kambi hii au ile. Kinarudi pale tu maneno "laid off" yanapotangulia mtu yanayemwelezea: "laid-off workers". Yakija nyuma yake, "the workers were laid off", kistariko kinaondoka. Wingi ni "layoffs", bila apostrofi.

Kwa hiyo wasifu wako ungesomeka: "In 2023 I was laid off, together with eleven colleagues, when the company closed one of its warehouses." Umeona nimeitoa "staff" nikaweka "colleagues"? Ile "eleven staff" ndiyo iliyokumaliza. Mtu anayesema "staff" anasikika kama anazungumzia watu walio chini yake, na "I laid off" ilikuwa imeshamwandalia msaili picha ya bosi. "Colleagues" ni wenzako, mlioanguka pamoja. Na ile "when the company closed" uichukulie kwa uzito. Vishazi vinavyotaja sababu ni vichache, lakini ndivyo vinavyomnyamazisha msaili kabla hajafungua mdomo.

Kwenye fomu yenye kisanduku cha "Reason for leaving" usiandike sentensi. "Laid off" inatosha. Usiandike "Lay off" peke yake, maana hapo inasomeka kama amri.

Kuna jambo hukuniuliza, nami nitalisema kwa kuwa liliniuma zamani na bado linaniuma. Kabla sijawa msahihishaji nilikuwa mpiga taipu. Ofisi moja niliyofanyia kazi ujanani ilifunga karakana yake, mafundi 7 wakapunguzwa. Mkuu wangu akaniagiza niwaandalie vyeti vya utumishi kwa Kiingereza, na pale kwenye sababu ya kuondoka akaniachia nijaze mwenyewe. Nilikuwa na kamusi nyembamba na imani nene. Nikapiga "dismissed" kwa wote 7, kwa kaboni, nakala tatu tatu. Nililiona neno la heshima, lenye "s" nyingi, la kiofisi.

Miezi kadhaa baadaye fundi mmoja akarudi, cheti mkononi, kimekunjwa mara nne hadi mikunjo imechanika. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Dada, hapa umeandika niliiba nini?" Kila alikopeleka cheti kile aliulizwa kosa lake, na yeye, asiyesoma Kiingereza, hakujua kosa analoulizwa linatoka wapi. Jioni ile nilivipiga upya vyeti vyote 7 bila kuomba ruhusa ya mtu. Wenye vyeti wanne tuliwapata. Watatu sijui karatasi zangu ziliwafikisha wapi.

Ukifungua vitabu vya sheria utakuta "dismissal" imetanuka, inaweza kumjumuisha hata aliyepunguzwa. Lakini anayesoma wasifu hasomi kitabu cha sheria. Akikutana na "dismissed" anasikia kosa. "Fired" na "sacked" anazisikia vibaya zaidi. "Laid off" inaiweka kasoro kwenye kazi: kazi ndiyo iliyokwisha, mtu alikuwa mzima. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake namba 158 wa mwaka 1982, limezitenga sababu za kumwachisha mtu kwa namna hiyohiyo. Kuna zinazohusu uwezo au mwenendo wa mfanyakazi, na kuna zinazotokana na mahitaji ya uendeshaji wa shughuli yenyewe. "Laid off" inakaa upande wa pili. Ndiyo maana ninapokutana na "he was laid off for stealing" kalamu yangu inasimama yenyewe. Aliyeiba hakupunguzwa. Alifukuzwa, na hata Kiswahili kinajua hivyo.

Moja la mwisho kwako, kisha nikuachie. "Lay" ni weka, "off" ni kando. Neno hili lilipoanza kutumika kwa wafanyakazi, katika karne ya 19, lilimaanisha kuwekwa kando kwa muda mpaka kazi irudi, kama jembe linavyotundikwa kusubiri mvua. Watu wamelisahau hilo, sheria hazijalisahau. Uingereza, Sheria ya Haki za Ajira ya mwaka 1996 inamtambua aliye "laid off" kuwa mtu ambaye bado ni mwajiriwa, ila wiki hiyo hana kazi wala ujira. Hali hiyo ikifika wiki 4 mfululizo, au jumla ya wiki 6 ndani ya wiki 13, anaweza kuanza safari ya kudai malipo ya kupunguzwa. Marekani nako, sheria ya mwaka 1988 inayowataka waajiri wenye wafanyakazi 100 au zaidi watoe notisi ya siku 60 kabla ya kupunguza watu kwa wingi inahesabu kuwa mtu amepoteza ajira pale "layoff" yake inapozidi miezi 6. Chini ya hapo bado anasubiriwa arudi. Kwa hiyo ukiomba kazi kwa mwajiri wa Kiingereza cha Uingereza, na wewe hukuwekwa kando ila uliondoka moja kwa moja, andika "I was made redundant", yaani niliachishwa kwa kuwa nafasi yangu haihitajiki tena. Kwa Mmarekani, "I was laid off" inakutosha.

Bibi, mimi ni karani katika idara ya utumishi. Bosi ametaka niandae barua za Kiingereza za kuwapunguza watu. Kichwa nimeweka "LAY OFF NOTICE", na ndani nimeandika "the company has decided to layoff you". Mwenzangu wa meza ya pili anasisitiza iwe "to lay off you". Tumebishana tangu asubuhi. Tuamue. — Karani

Nyote wawili mmeshindwa, mwanangu, na ushindi umekwenda kwa ambaye hakuwepo mezani: "to lay you off".

Kichwa ni jina la hati, kwa hiyo "Layoff Notice", bila nafasi. Wewe umeweka nafasi pasipohitajika na kuiondoa palipohitajika, kama mtu aliyevaa viatu kinyume. Kuhusu mwenzako: jina la kawaida linaweza kukaa popote, "lay off the drivers" au "lay the drivers off". Lakini vijineno kama "you", "him" na "them" sharti viingie katikati.

Na hili si suala la urembo. "Lay them off" ni waachishe kazi. "Lay off them" ni waacheni, msiwasumbue. Ndiyo "lay off" ileile mtu anayoambiwa aache sigara: "lay off the cigarettes". Ebu fikiri bosi wako anatuma ujumbe "Lay off him" akitaka kijana wa mapokezi aondolewe, na msimamizi anayekijua Kiingereza vizuri anaelewa kwamba kijana anatetewa. Mwisho wa mwezi kijana yuko palepale, anasalimia wageni.

Lakini ungeniuliza mimi, ndani ya barua ningeliepuka neno hilo kabisa. "We lay you off" ni kauli ya juu kwenda chini, na anayeisoma ana siku mbaya tayari. Taja nafasi: "Your position will be made redundant", au kwa Kiingereza cha Marekani "Your position has been eliminated", kisha tarehe ya siku yake ya mwisho kazini, kisha anachodai na lini atalipwa. "Terminate" unaweza kuitumia, lakini kinachokatishwa ni mkataba: "your contract will be terminated". "You will be terminated" Wamarekani huisema. Mimi hunisikikia kama tishio la kwenye sinema.

"We have to let you go" iache kwa mazungumzo ya ana kwa ana. Ikiandikwa inasikika kana kwamba mtu huyo alikuwa amefungwa kamba akilia afunguliwe. Na "fired" isisogee karibu na karatasi yenye muhuri. Huelezwa kuwa neno hilo lilianza Marekani kama mzaha wa maneno: "discharge" ni kumwondoa mtu kazini, na pia ni kufyatua bunduki, basi wakachukua neno la bunduki wakampa mfanyakazi. Mzaha huo humchekesha yule tu ambaye mtutu haukumwelekea.

Bibi, barua yangu imeandikwa "you have been made redundant". Nimefungua kamusi, nikakuta "redundant" ni kitu kilichozidi, kisichohitajika. Miaka 11 nimewatumikia! Hili si tusi? — Mwenye uchungu

Pole, mwanangu. Kwa sarufi ni tusi, kwa desturi si tusi. Sheria ya Uingereza niliyoitaja hapo juu inaizungumzia kazi: biashara imefungwa, imehama, au inahitaji watu wachache zaidi kwa kazi ya aina fulani. Kilichozidi ni nafasi. Kiingereza, kwa uvivu wake, kikaihamisha sifa ya nafasi na kumbandika mtu. Ukiandika wewe, una haki ya kuirudisha inakostahili: "my position was made redundant". Ni sahihi kabisa, na inamezeka. Lakini usiende kumgombeza aliyekuandikia. Hilo ndilo neno lenye malipo nyuma yake, na ukimlazimisha aandike lingine huenda ukajipunja.

Swali fupi. Bosi alinilazimisha niandike barua ya kuacha kazi. Nimeandika "I was resigned in June." Sahihi?

Hapana, na hapa ndipo hila yangu ya "w" inapotusaliti, nikiri wazi. "I was resigned" ipo katika Kiingereza, ila maana yake ni kwamba nilikuwa nimekata tamaa, nimekubali yaishe. Inawezekana Juni ilikuwa hivyo kweli! Lakini "resign" hufanywa na anayeondoka mwenyewe. Andika "I resigned in June", au kama unataka ukweli wote, "I was forced to resign". Hiyo ya pili usiiweke kwenye wasifu. Ihifadhi kwa mwanasheria.

Bibi, na "furlough" je? Ni sawa na "layoff"? Na inatamkwaje?

Itamke "falo", hiyo "gh" ni pambo. Ni likizo ya kulazimishwa: kazi umesimama, ajira haijakatika. Asili yake ni Kiholanzi, neno la ruhusa ya kuondoka, na kwa muda mrefu lilikuwa neno la wanajeshi. Watu wengi walilisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2020, serikali ya Uingereza ilipogharimia sehemu ya mishahara ya waliokaa nyumbani kwa sababu ya korona, mpango uliofungwa Septemba 2021. Kama uliitwa kazini tena, andika "I was furloughed". Kama hukuitwa, mrudie mtunza stoo hapo juu.

Bibi, unatufundisha wenzako, lakini katika toleo lililopita, ndani ya jibu moja, umeandika "layoff", chini yake "lay-off", na mstari wa mwisho "the lay off". Ipi ni ipi? — Msomaji mwenye macho

Mbili za kwanza ni kambi mbili, na nilipaswa kuchagua moja. Ya tatu, yenye nafasi katikati na "the" mbele yake, haina kambi. Hiyo ni yangu mwenyewe, niliipiga usiku bila miwani.